Sungura Asiyechimba Kisima: Habari ya Ardhi na Maji ya Ulyankulu



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili naomba mnivumilie, kwa maana tafakari yangu imekuwa ndefu kuliko kawaida, tena imeacha njia ya masomo ya Jumapili na kufuata njia ya historia. Sababu ni swali la mtoto.

Nilikuwa katika kigango kimoja cha Ulyankulu, nikingoja mvua ipungue ili nipate kurudi. Watoto wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza walikuwa wameruhusiwa kuchora watakalo katika ukuta wa nyuma wa banda lao la kusomea, kwa mkaa, chokaa na udongo mwekundu. Nilitegemea kukuta safina ya Nuhu. Kumbe walikuwa wamechora kisima. Pembeni mwa kisima walisimama tembo, twiga, fisi, chui na kobe, kila mmoja na jembe lake. Na mbali kidogo, karibu na mlango, alisimama sungura peke yake, mikono mitupu. Ngano hiyo walikuwa wamesimuliwa na bibi mmoja mwenye asili ya Burundi ambaye huwasaidia makatekista wetu. Nikawauliza watoto habari za mchoro wao, nao wakanieleza kwa kushindana, mmoja akimkatiza mwingine. Ndipo kijana mmoja mdogo, wa miaka tisa au kumi hivi, aliponiuliza: "Padre, sungura alikuwa mkimbizi?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Wala mimi sikucheka, maana nilifahamu swali lilikotoka. Mtoto yule ni Mtanzania, na wazazi wake ni Watanzania. Lakini jirani akikasirika kwa sababu ya mpaka wa shamba au zamu ya kuchota maji, neno la kwanza linalomtoka ni "mkimbizi". Nilimjibu jambo fulani la haraka haraka ambalo sasa silikumbuki, na tangu siku ile nimekuwa nikitafuta jibu lililo bora zaidi.

Kwanza ngano yenyewe, kwa faida ya wale ambao hawakupata bahati ya kukaa motoni na bibi zao. Palitokea ukame mkubwa, mito ikakauka, wanyama wakafanya baraza na kukubaliana kuchimba kisima. Kila mnyama alitoa jasho lake isipokuwa sungura, aliyesema kwamba yeye ni mdogo, na umande wa asubuhi unamtosha. Maji yalipopatikana ikawekwa amri kwamba asiyechimba hatakunywa, na wanyama wakalinda kwa zamu. Usiku sungura akaja na kibuyu cha asali. Akamwonjesha mlinzi tone moja, akamwambia kwamba asali hii ni tamu mno, mwenye kuila sharti kwanza afungwe kamba asije akaanguka kwa utamu wake. Mlinzi akakubali kufungwa! Sungura akanywa, akajaza kibuyu chake, kisha akaingia kisimani akaoga na kuyavuruga maji yote. Ikawa hivyo usiku baada ya usiku, wakubwa wote wakiaibishwa, hata kobe alipojitolea. Kobe alijipaka ulimbo mgongoni akajilaza chini ya maji kama jiwe. Sungura akamkanyaga, mguu ukanata, na wa pili ukanata, na asubuhi wanyama wakamkuta hapo.

Ngano hii haina kabila moja la kujivunia. Inasimuliwa karibu kote wanakoishi Wabantu, na Alice Werner, mwanamke Mwingereza aliyekuwa profesa wa Kiswahili mjini London, aliiweka katika kitabu chake cha visasili vya Wabantu kilichochapishwa mwaka 1933. Lakini naona kwamba Unyamwezini ina uzito wa pekee. Asali ya sungura ni asali ya nchi hii, inayotoka katika mizinga ya magome iliyotundikwa kwenye miti ya miombo. Na ukisikiliza vizuri utagundua kwamba kosa lililowakasirisha wanyama kuliko yote halikuwa lile la kunywa. Kiu ni kiu, nayo inaweza kuhurumiwa. Kosa lilikuwa kuoga katika maji ya kunywa. Mtoto aliyesikia ngano hii mara tano, hata bila kupewa onyo lolote, hataingiza miguu yenye matope kisimani.

Wazee wetu hawakuwa na karatasi wala bango la kuandika "Usichafue Chanzo cha Maji". Walikuwa na ngano, na walikuwa na ukuta. Juu ya ukuta tunao ushahidi mzuri. Mwaka 1953 kilitoka kitabu cha Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, kuhusu michoro ya ukutani ya chama cha wacheza nyoka, ndio hao Bayeye wanaojulikana kwa Wasukuma na Wanyamwezi kwa dawa zao za kuumwa na nyoka. Ndani ya nyumba zao za kukutania walichora nyoka, wanyama wengine, watu na viumbe wa masimulizi. Michoro ile haikuwa pambo la kufurahisha wageni. Ilikuwa ni sehemu ya mafundisho ya mwanachama mpya: hapa ni nyoka fulani, na hii ndiyo habari yake. Elimu ya pori, yaani kiumbe gani anakaa wapi, ana hatari gani, na ni mzizi gani unaomponya aliyeumwa, ilikaa katika picha na masimulizi kwa pamoja. Kung'oa moja na kuacha jingine ni kubaki na nusu ya kitu.

Hapa sina budi kukiri kwamba sisi wa Kanisa hatukuwa wepesi kuyathamini mambo haya. Walikuwepo waliofumbuka macho. Padre Fridolin Bösch wa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, aliandika kitabu kizima juu ya Wanyamwezi kilichotoka mwaka 1930, na mwenzake wa Kiprotestanti, Wilhelm Blohm wa Moravian, akatoa vitabu vitatu mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo, kimojawapo kikiwa na maandiko ya Kinyamwezi chenyewe. Usukumani, Padre David Clement kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alianzisha pale Bujora makumbusho ya mila zao. Ngano ya Masala Kulangwa, yule kijana aliyelipasua zimwi Shing'weng'we na kuwatoa watu wote waliomezwa, imetumika kanisani kuwa mfano wa kumweleza Kristo. Lakini kwa kila padre aliyeketi chini kusikiliza, walikuwepo wengi ambao kwao nyumba yenye nyoka ukutani ilikuwa ya shetani na basi. Michoro mingi imekwenda na kuta zake.

Sasa niwarudishe kwenye maji, na kwenye barabara ya zamani.

Wote tunajua kwamba Tabora ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kwenda Uganda. Watu hupenda kusimulia habari za pembe za ndovu, na ni lazima zisimuliwe pia habari za watumwa. Lakini ukiyasoma maandishi ya wasafiri wenyewe utaona kwamba jambo walilolifikiri kila siku, tangu alfajiri, lilikuwa maji. Kambi iliwekwa penye maji. Ugogoni msafara ulilipa hongo kwa watemi, na katika hongo hiyo mlikuwa na bei ya kuteka kisimani. Wazungu waliona ni unyang'anyi, nao wameandika malalamiko marefu. Mimi nikiyasoma huwaza juu ya watu waliochimba visima vile kwa mikono yao katika nchi kame, kisha siku moja asubuhi wanatokea wapagazi mia tano wenye kiu. Baada ya Ugogo lilifuata pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo Burton na Speke walilipita mwaka 1857 kabla ya kufika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba. Jina lenyewe lilitisha. Lakini Stanley alipopita mwaka 1871 aliona kwamba utisho ule umepungua, kwa sababu Wakimbu walikuwa wamefyeka, wakajenga na kupata maji katikati ya pori. Mgunda Mkali haukuwa mkali kwa asili peke yake; ulikuwa mkali kwa kukosa watu wa kuutunza.

Ulyankulu yenyewe inaingia katika maandishi hayo mwaka huo huo wa 1871, kwa jina ambalo Stanley aliliandika Wilyankuru, na inaingia kwa damu. Waarabu wa Unyanyembe walikwenda kumpiga Mtemi Mirambo. Kikosi chao kikaiteka Wilyankuru, kikabeba pembe, nguo na mateka, na kikiwa njiani kurudi na mzigo huo kikaviziwa na Mirambo na kuvunjwa kabisa. Baada ya siku chache Mirambo aliishambulia Tabora na kuchoma sehemu yake. Vita hivyo viliendelea kwa miaka. Mirambo alifariki Desemba 1884, na dola yake haikudumu baada yake.

Nimetaja mtemi. Neno hili wengine hulifasiri kwa kukata mashauri, wengine kwa kutema msitu, yaani kwamba mtemi wa kwanza ndiye aliyefyeka pori watu wapate pa kukaa. Mimi naona maana zote mbili zina nafasi. Mtemi alihusika na mvua. Afya yake na afya ya nchi vilihesabiwa kuwa kitu kimoja, na mvua ikikosekana yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Leo tunaweza kutabasamu. Lakini hebu tujiulize, ni kiongozi gani wa siku zetu anayeitwa kujieleza kwa sababu kisima kimekauka? Mungu mwenyewe Wanyamwezi walimwita kwa majina kama Likube na Limatunda, Muumba, na pia Liwelelo, jina lenye kubeba maana ya ulimwengu wote. Ardhi haikuwa ya mtu mmoja. Utemi ulipofutwa mwaka 1963 kwa sheria ya Tanganyika huru, ilikuwapo sababu kubwa ya kujenga taifa moja, wala siililii enzi ile kana kwamba haikuwa na dhuluma zake. Ninachosema ni kwamba ngano ya kisima ilibaki bila baraza lake. Bibi aliendelea kusema "asiyechimba hatakunywa", lakini hapakuwa tena na mtu ambaye kazi yake ni kuuliza nani amechimba.

Kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kupita wageni wengine ambao hawakuuliza chochote. Serikali ya kikoloni ilikuta sehemu kubwa za magharibi zikiwa pori. Vita, magonjwa ya mifugo na malale vilikuwa vimewapunguza au kuwasogeza watu. Tena katika miaka ya 1920 na 1930 serikali yenyewe iliwahamisha watu wengi kuwaweka pamoja mbali na mbung'o, na walikotoka miti ikarudi. Mwaka 1936 mhandisi Clement Gillman alipochora ramani ya watu wa Tanganyika, alionyesha waziwazi kwamba maji na mbung'o ndivyo vilivyoamua watu wakae wapi. Miaka kumi tu baadaye London ikaamua kwamba pori hilo ni ardhi tupu inayongoja trekta. Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulichagua Kongwa, Nachingwea na hapa kwa jirani zetu Urambo. Ulikusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yakavunjika kwa visiki, udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua zikawa chache, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza pauni za Uingereza zipatazo milioni 36. Urambo ikageukia tumbaku.

Nikiwa na watoto wa shule huwaambia kwamba mpango wa karanga ni ngano ya tembo: mkubwa, mwenye nguvu, mwenye nia njema pengine, akafungwa kamba kwa sababu ya asali.

Ndipo tunapofika mwaka 1972. Katika Burundi palitokea mauaji ambayo Warundi wenyewe huyaita Ikiza, balaa kuu, na maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao Wahutu, wakavuka mpaka. Tanzania ya Mwalimu Nyerere iliwapa ardhi, na jambo hilo ni la kuheshimiwa hata leo. Ulyankulu ikafunguliwa mwaka huo huo wa 1972, Katumba ikafuata, kwa ushirikiano wa Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na shirika la Makanisa la TCRS. Watu walioletwa walitoka katika nchi ya milima na vijito, ambako kila bonde lina maji. Wakashushwa katika tambarare ya miombo, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja na kisha mbingu hufunga kwa miezi mingi. Wazee wao wananisimulia kwamba jambo la kwanza walilojifunza kwa wenyeji halikuwa lugha, bali ni kutambua kwa kuangalia miti na nyasi mahali ambapo maji yapo karibu.

Walichimba. Naomba msomaji aliweke neno hili moyoni. Walichimba visima kwa mikono, walifyeka mashamba, walipanga makazi kwa barabara zenye namba, ndiyo maana nchi nzima inaifahamu Barabara ya 13 kwa sababu ya kwaya yake, ambayo si ya kwetu Wakatoliki lakini nani hakuimba nyimbo zake? Hata hivyo ardhi na maji havikutosha. Makazi yalijaa watu zaidi ya hamsini elfu mahali ambapo udongo ni mwepesi na maji ya chini ni haba. Hata kuchimba kuna mwisho wake. Mwaka 1978 Serikali ilifungua Mishamo, katika misitu ya Mpanda, na katika mwaka huo na uliofuata watu zaidi ya 20,000 walipakiwa katika malori kutoka Ulyankulu wakaanze upya. Hii ilikuwa mara yao ya pili kung'oka katika muda wa miaka saba. Mara ya kwanza walifukuzwa na bunduki. Mara ya pili walifukuzwa na kisima.

Nikisoma habari hiyo hukumbuka sura ya 26 ya kitabu cha Mwanzo. Isaka anachimba kisima, wachungaji wa Gerari wanasema maji ni yao. Anaondoka, anachimba cha pili, wanagombana tena. Anaondoka, anachimba cha tatu, na hapo hapana ugomvi, naye anakiita Rehobothi kwa kuwa Bwana amewapa nafasi. Isaka alikuwa mgeni katika nchi ile. Alikuwa mgeni mwenye jembe.

Huko Burundi nako ngano na sanaa havikuachana na miti wala maji. Ngoma zao kubwa, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu, huchongwa kutokana na mti ambao kwa Kirundi jina lake ni umuvugangoma, maana yake mti unaoifanya ngoma iseme. Mchonga ngoma asipouacha mti huo ukue, ngoma itanyamaza. Wana masimulizi ya Samandari, mjanja wao asiyeshindwa kwa maneno, na watoto wa Kinyamwezi waliokaa jirani nao humfahamu kama sungura aliyevaa suruali. Ndani ya miaka hamsini ngano za pande mbili zimechanganyika kiasi kwamba yule bibi wa kigangoni nilipomwuliza kama ngano ya kisima aliitoa Burundi au aliisikia hapa, alifikiri kidogo akasema, "Baba Padre, mimi naikumbuka sauti ya mama yangu, lakini kobe huyu mwenye ulimbo nadhani ni wa hapa."

Mwaka 2007 ulianza mpango wa kuwapa uraia wakimbizi hao wa mwaka 1972, na zaidi ya watu 162,000 katika makazi matatu ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikubaliwa. Kwanza ilisemekana kwamba wote wahamishwe kutoka makazi hayo na kutawanywa mikoani. Kwa muda wa miaka kadhaa mtu alikuwa raia asiye na karatasi, wala hakujua kama apande mwembe au asipande. Nawaombeni mtafakari hilo kidogo. Mtu asiyejua kama atakuwapo mwakani hapandi mti. Huchimba kisima cha mwaka mmoja. Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutolewa, watu wakaruhusiwa kubaki, na miembe ikapandwa.

Lakini kuna jambo ambalo si la Warundi wala si la Wanyamwezi peke yao, nalo ni la sisi sote tunaokaa hapa sasa. Tumbaku inalisha familia nyingi za parokia zetu, na sadaka ya kanisa hutoka humo, sitakuwa mnafiki. Majani ya tumbaku hukaushwa kwa moto katika mabani, na moto huo hula kuni kwa wingi wa kutisha. Mtundu unakwenda, mninga ulikwenda zamani, mizinga ya magome haina pa kutundikwa, na penye miti iliyokwisha mvua hupita juu ya ardhi badala ya kuingia ndani. Maji ya upande huu huelekea Mto Igombe, na Igombe huingia Malagarasi, na Malagarasi humwaga katika Ziwa Tanganyika baada ya kupita katika ardhi oevu ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar. Malagarasi hiyo hiyo huanzia karibu na Burundi, na mahali fulani ndiyo mpaka wenyewe. Hivyo tone linalopotea Ulyankulu lingefika mwisho katika ziwa ambalo ng'ambo yake babu wa yule kijana huenda alivulia samaki. Maji hayajui mkimbizi.

Wengine wataniambia kwamba maji ya Ziwa Victoria yamekwisha kufika Tabora mjini, na kwamba habari za visima na sungura ni za kale. Namshukuru Mungu kwa bomba hilo. Lakini bomba nalo ni kisima, na ukiona jinsi koki inavyoachwa wazi penye kioski utajua kwamba sungura alihamia mjini kabla yetu.

Sasa, jibu la mtoto. Wiki iliyofuata nilirudi kule kigangoni makusudi. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za Isaka, na za Bwana wetu aliyeketi kwenye kisima cha Yakobo akiwa mgeni, hana hata kata ya kuchotea, akaomba maji kwa mwanamke Msamaria. Nilikuwa nimejiandaa pia kumweleza kwamba babu yake alichimba, na kwamba katika ngano sungura hakuwa mgeni hata kidogo. Alikuwa mwenyeji, aliyezaliwa pale, aliyekaa katika baraza lile lile na kusikia amri ile ile. Asiyechimba si yule aliyefika jana. Ni yule aliyekuwapo siku zote.

Lakini nilikuta yule bibi amekwisha kunitangulia. Watoto walikuwa wamerudi kwenye ukuta. Mvua ilikuwa imefuta nusu ya twiga, na safari hii walikuwa wanachora upya mwisho wa ngano. Katika mwisho ninaoujua mimi wanyama humwadhibu sungura, au hutoroka kwa ujanja mwingine. Katika mwisho wa bibi, wanyama walimbandua sungura kwenye mgongo wa kobe, manyoya yake mengine yakabaki katika ulimbo, wakampa jembe, wakamwonyesha mahali pa kuchimba kisima cha pili. Na kobe akaambiwa akae karibu naye mpaka amalize.

"Na alipata maji, Bibi?" akauliza yule kijana.

"Bado anachimba, mjukuu wangu," akasema bibi, naye akamnyoshea ndoo. "Wewe nenda kachote kabla jua halijapanda, na usiache kufunika kisima."

Kijana akaichukua ndoo. Alipopita karibu na mlango alisimama, akaokota kipande cha mkaa, akamchorea sungura jembe.